Mifumo endeshi huria haina njaa ya msimbo

Tangu Microsoft isitishe msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wapenzi wa programu huria wamekuwa na shangwe. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima haziwezi kupokea Windows 11, kwa sababu mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji kilichomo kwenye orodha maalumu, na wenye kompyuta hizo wanatafuta pa kukimbilia. KDE, mradi unaotengeneza mazingira ya kazi ya kompyuta, na washirika wake waliendesha kampeni ya End of 10 kuwashawishi watu waweke Linux, mfumo endeshi huria, badala ya kununua mashine mpya. Zorin OS 18, moja ya mifumo iliyojengwa juu ya Linux, iliyotolewa siku hiyohiyo, ilipakuliwa zaidi ya mara milioni moja katika muda uliozidi mwezi kidogo tu, na watengenezaji wake walisema sehemu kubwa ya waliopakua walikuwa wanatoka kwenye Windows. Hapo ndipo hesabu inayopigwa na wengi inapoanzia: watumiaji wakiongezeka, wachangiaji wataongezeka, wachangiaji wakiongezeka, msimbo, yaani maandishi ya programu, utaongezeka, msimbo ukiongezeka, mfumo utakuwa bora.

Naamini hesabu hiyo ina kosa mwishoni mwake, na kosa hilo linawagharimu watu wenye nia njema. Miradi ya mifumo endeshi huria imekwama kwa kukosa watu wa kuusoma msimbo, kuujaribu, kuukataa inapobidi, na kubaki nao miaka mingi baada ya aliyeuandika kuondoka. Waandishi wapo, na sasa hata mashine zinaandika. Kwa hiyo anayetaka kuchangia leo akianza kwa kuuliza "niandike nini?" ameshakosea njia. Swali lenye faida ni "kazi gani ya watunzaji, yaani wale wanaobaki na msimbo, naweza kuipunguza?" Maswali haya mawili yanafanana kwa juu, lakini jibu la kila moja humpeleka mtu kwenye kazi tofauti kabisa, na wimbi hili la wageni litaiinua miradi au litaielemea kutegemea ni swali lipi wageni wamefundishwa kuuliza.

Mfumo endeshi wa kompyuta ya mezani ni tabaka juu ya tabaka. Chini kuna kerneli, yaani kiini cha mfumo, na viendeshi vya vifaa. Juu yake kuna maktaba, yaani mikusanyo ya msimbo inayotumiwa na programu nyingine, za michoro kama Mesa, itifaki ya madirisha kama Wayland, mazingira ya kazi kama GNOME au Plasma ya KDE, kisha programu zenyewe, na mwisho usambazaji kama Debian au Fedora unaovifunga vyote pamoja. Kila tabaka lina watu wake, kanuni zake na historia yake. Haiku, mfumo endeshi huria usiotokana na Linux, ni mfano wa aina nyingine. Mradi huo ulianza mwaka 2001 kwa jina la OpenBeOS, wakati kampuni ya Be, iliyotengeneza mfumo wa BeOS, ilipouza mali zake kwa Palm, na timu moja ndogo inashughulikia karibu kila tabaka, kuanzia kerneli hadi madirisha ya mipangilio. Toleo lake la kwanza la beta lilitoka Septemba 2018, la tano likatoka Septemba 2024. Ukiitazama kalenda hiyo kwa haraka utasema hapa walikosekana waandishi wa msimbo. Mimi naona jambo jingine: kila kipande kinachoandikwa lazima kioane na vipande vingine vyote, na watu wanaoifahamu picha nzima hawaongezeki kwa kasi ya wale wanaoweza kuandika kipande kimoja.

Tufuate safari ya kiraka kimoja, yaani badiliko la msimbo linaloombewa kibali cha kuingizwa kwenye mradi. Tuseme kina mistari arobaini na kinarekebisha namna dirisha linavyokumbuka ukubwa wake. Aliyekiandika alikijaribu kwenye kompyuta yake, kikafanya kazi, akakituma. Mkaguzi anapokifungua hawezi kuishia kwenye ile mistari arobaini. Anapaswa kusoma msimbo unaoizunguka, awaze mwenye skrini mbili za msongamano tofauti itakuwaje, mwenye lugha inayoandikwa kutoka kulia itakuwaje, na anayetumia kisoma skrini kwa sababu haoni itakuwaje. Anaangalia kama badiliko litavunja programu za zamani. Kwenye Haiku ya biti 32, kwa mfano, programu zilizoandikwa kwa ajili ya BeOS bado zinatakiwa kufanya kazi, na kwa sababu hiyo mfumo bado hujengwa kwa kikusanyaji cha GCC 2.95, chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu, kwa hiyo msimbo wa mtindo wa leo unaweza kukataliwa na chombo cha miaka ya tisini. Anaangalia leseni. Anaandika maoni, anasubiri jibu, anasoma upya. Mara nyingi jumla ya saa zilizotumika kukikagua kiraka inazidi saa zilizotumika kukiandika, hasa kikitoka kwa mtu mgeni ambaye mkaguzi hajui anaelewa nini na haelewi nini.

Halafu kiraka kinaingizwa, na hapo ndipo gharama kubwa inapoanza. Mwandishi anaweza kuendelea na maisha yake. Badiliko linabaki. Miaka mitatu baadaye maktaba ya chini inabadilika na dirisha linaanza kusahau ukubwa wake tena. Ripoti za hitilafu zinamwendea aliyeko, wala si aliyeandika. Watunzaji wenye uzoefu hukataa vipengele vizuri vilivyoandikwa vizuri, na mgeni huona hilo kama kiburi. Wengi wao wanakataa kwa sababu wameshapiga hesabu ya miaka ijayo na wameona ni nani atakayebeba mzigo.

Kompyuta ya mezani inafanya jambo hili kuwa gumu kuliko ilivyo kwa seva. Seva huishi kwenye vyumba vya mashine zinazofanana, na kampuni zinazoziendesha huajiri wahandisi kuitunza kerneli. Kompyuta ya mezani au mpakato ni kila kitu ambacho kiwanda fulani kiliamua kukiunganisha msimu fulani: kadi ya Wi-Fi ya aina yake, kihisi cha kuzungusha skrini kilichofungwa kichwa chini, kibodi yenye kitufe cha mwanga kinachotuma namba ambayo hakuna mwingine anayeituma, na hali ya usingizi ambayo mashine huingia vizuri lakini hairudi. Mtunzaji hana mashine hizo. Hata akiwa hodari namna gani, hawezi kurekebisha asichoweza kukiona. Ndiyo maana libinput, maktaba inayoshughulikia vipanya na mabamba ya kugusa, ina mafaili mahususi ya kueleza tabia zisizo za kawaida za vifaa fulani, na systemd, programu inayosimamia huduma za msingi kwenye Linux, ina hifadhidata ya vifaa inayoeleza, kwa mfano, kihisi cha mashine fulani kimeelekezwa wapi. Kuongeza kifaa kipya humo ni suala la mistari miwili au mitatu. Anayeituma hahitaji kuwa mwanaprogramu. Anahitaji kuwa na mashine hiyo mikononi, uvumilivu wa kupima, na ukweli wa kusema kilichotokea. Kwa maoni yangu mistari hiyo mitatu ina thamani kuliko programu mpya kabisa ya kuandikia madokezo, na bado sijaona kampeni inayowaambia wahamiaji wa Windows 10 hivyo kwa uwazi unaostahili, ingawa kila mmoja wao anakuja na mashine ambayo huenda hakuna mtunzaji aliyewahi kuigusa.

Mwaka 2024 ulituonyesha hali ikoje pale anayebaki anapokuwa mmoja. Maktaba ya kubana data ya xz, inayotumika karibu katika kila usambazaji wa Linux, ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja kwa kujitolea. Mnamo 2021 akaunti yenye jina la Jia Tan ilianza kutuma viraka vidogo vyenye manufaa. Mwaka uliofuata akaunti nyingine zilijitokeza kumlalamikia mtunzaji kwamba anachelewa, kwamba mradi unahitaji damu mpya. Mtunzaji alieleza wazi kuwa ana matatizo ya afya ya akili na kwamba kazi hii hailipwi. Taratibu Jia Tan akapewa mamlaka, na Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0 lenye mlango wa siri uliolenga huduma ya kuingia kwa mbali ya SSH. Liligunduliwa mwishoni mwa Machi na Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima utendaji wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, ambaye aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde akaamua kuchimba sababu. Wakati huo matoleo mabovu yalikuwa yameshaingia katika matawi ya majaribio ya Debian na Fedora.

Msomaji makini ataniambia kwamba kisa hiki kinanipinga: hapa aliyebaki, aliyekagua, aliyempunguzia mtunzaji mzigo, ndiye aliyekuwa adui. Ni pingamizi la haki. Lakini litazame tena. Adui alichunguza mradi akatafuta mlango uliokuwa wazi, na mlango aliouona haukuwa upungufu wa msimbo. Alijua mtu aliyechoka atamkabidhi funguo yeyote atakayejitolea kubaki, na kwamba hakutakuwa na mtu wa pili wa kumkagua. Wangekuwepo wasomaji watatu au wanne wa kudumu kwenye xz, watu wa kawaida wenye saa moja kwa wiki, mashinikizo yale ya 2022 yasingekuwa na pa kushika. Mwezi Juni 2025 tulisikia sauti ya uchovu huohuo kutoka kwenye libxml2, maktaba ya kusoma XML, muundo wa kuandikia data, inayotegemewa na GNOME na programu nyingine nyingi mno. Mtunzaji wake, naye wa kujitolea, alitangaza kwamba ripoti za usalama atazishughulikia kama hitilafu nyingine yoyote, bila siri wala tarehe za mwisho zinazopangwa na wengine, kwa sababu zilikuwa zinamla saa nyingi kila wiki. Kampuni zenye fedha nyingi zinatumia maktaba hiyo. Ripoti walizileta, wa kuzirekebisha hawakuwaleta.

Juu ya haya yote imekuja akili mnemba, na hapa ndipo uelewa mbaya wa wakati wetu unapofikia kilele. Inasemwa kwamba sasa kila mtu anaweza kuchangia, kwa kuwa mashine itamwandikia kiraka. Ni kweli kwamba kiraka kitaandikwa. Lakini gharama ya kukiandika imeshuka karibu na sufuri huku gharama ya kukikagua ikibaki palepale, na pengine imepanda, maana kiraka cha mashine huja na sura safi, maelezo marefu yenye kujiamini na makosa yaliyofichika pasipotarajiwa. Zamani ubora wa uandishi ulimpa mkaguzi fununu ya uelewa wa mwandishi. Fununu hiyo imepotea. Mradi wa curl, zana ya kuhamisha data mtandaoni, ambao si mfumo endeshi lakini hukutwa ndani ya takriban kila mfumo, uliamua kufunga mpango wake wa zawadi kwa wanaoripoti hitilafu za usalama baada ya kulemewa na ripoti zisizo na maana zilizotungwa na mashine. Gentoo, usambazaji wa Linux, ilipiga marufuku michango ya aina hiyo Aprili 2024, na NetBSD, mfumo endeshi huria mwingine, ikafuata mwezi uliofuata kwa kutamka kwamba msimbo wa namna hiyo unahesabiwa kuwa na doa hadi kibali maalumu kitolewe. Fedora, kwa upande wake, iliruhusu mwezi Oktoba 2025, kwa sharti kwamba mchangiaji abebe jukumu lote na aweke wazi pale mashine ilipofanya sehemu kubwa ya kazi.

Mimi niko karibu na Fedora kuliko Gentoo katika hili, maana marufuku ni vigumu kuisimamia na humwadhibu mkweli anayejitaja. Lakini sharti la jukumu litafsiriwe kwa ukali. Anayetuma kiraka asichoweza kukieleza mstari kwa mstari amemwachia mtu mwingine kazi ya kukielewa, na kwa mtazamo wa mradi huyo hajachangia chochote, amekopa muda.

Sasa tuwape nafasi wanaoona kinyume. Hoja yao yenye nguvu zaidi ni kwamba kila mtunzaji wa leo alikuwa mgeni wa jana. Alituma kiraka kibovu, mtu akakaa naye, akajifunza, akabaki. Ukianza kuwapima wageni kwa faida wanayoleta leo, utaufunga mlango ambao watunzaji wa kesho walipaswa kuupitia. Nakubaliana nao kwa asilimia kubwa. Miradi kama Haiku imeshiriki programu ya Summer of Code ya Google tangu 2007 kwa kulijua hilo: mwanafunzi hupewa mlezi, na ni wazi tangu mwanzo kwamba muda wa mlezi ni gharama inayolipwa kwa matumaini ya kupata mtu wa kudumu. Ninachotofautiana nao ni kuhusu mlango gani umfae mgeni. Desturi imekuwa kumpa mgeni hitilafu ndogo iliyobandikwa lebo ya "rahisi kwa anayeanza." Kuandaa hitilafu hiyo, kuieleza na kukagua jaribio la kwanza, la pili na la tatu mara nyingi humchukua mtunzaji muda mrefu kuliko angeirekebisha mwenyewe, na mgeni akishapata jina lake kwenye historia ya mradi huondoka. Mpe mgeni huyohuyo kazi ya kujaribu viraka vya wengine kwenye mashine yake, na kuandika alichokiona. Atajifunza msimbo kwa kuusoma, atazoea namna wakaguzi wanavyofikiri, na tangu siku ya kwanza atakuwa anapunguza foleni badala ya kuirefusha.

Hoja ya pili inahusu fedha: waajiriwe watu, tatizo litaisha. Ina ukweli mwingi. Mwaka 2023 mfuko wa Ujerumani wa Sovereign Tech Fund ulitoa euro milioni 1 kwa GNOME, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kwenye kazi ambazo wajitoleaji huzikwepa, kama ufikivu kwa watu wenye ulemavu. KDE ilianza mwaka 2024 kuonyesha ombi la mchango mara moja kwa mwaka ndani ya Plasma, na michango ikapanda. Kampuni ya michezo ya Valve inagharimia kazi nyingi kwenye Plasma kwa sababu kifaa chake cha kuchezea michezo cha Steam Deck kinaitumia. Ila mfadhili hupenda kugharimia kitu kinachoonekana: kipengele kipya, kazi yenye mwanzo na mwisho. Ukaguzi hauna mwisho, na ni shida kuuandikia taarifa ya mafanikio. Fedha zikija kwa mtindo wa vipengele tu, zitaongeza viraka kwenye foleni ileile.

Kuna pia malalamiko kwamba watunzaji wenyewe ndio kikwazo: ni wakali, wanachelewa kujibu, wanapenda mambo yao. Yapo. Nimesoma majibu ya watunzaji ambayo hayakustahili kuandikwa kwa binadamu yeyote, na uchovu hauyahalalishi. Lakini dawa ya ukali na dawa ya uchelewaji ni moja, nayo ni kuwapunguzia mrundikano.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayorudiwa zaidi, inasema kwamba msimbo ni msimbo: ukifanya kazi, haijalishi umeandikwa na nani, kwa njia gani, wala kama ameuelewa. Historia ya programu huria imeikataa hoja hii zaidi ya mara moja. Mwaka 2003 kampuni ya SCO ilifungua kesi ikidai kwamba msimbo wake umeingizwa kwenye Linux bila ruhusa. Mwaka uliofuata waendelezaji wa kerneli wakaanzisha utaratibu wa kila mchangiaji kutia saini kwamba anayo haki ya kutoa anachokitoa. ReactOS, mradi unaojenga mfumo huria unaoendesha programu za Windows, ulilazimika kuanza ukaguzi wa msimbo wake wote mwaka 2006 baada ya madai kwamba baadhi ya sehemu zilitokana na kuchambua faili za Windows kwa njia isiyofaa, na ukaguzi huo ulirudisha nyuma maendeleo yake kwa muda mrefu. Msimbo uliotiliwa shaka ulikuwa ukifanya kazi. Mlango wa siri wa xz nao ulifanya kazi, na ulipita majaribio. "Unafanya kazi" ni jibu la swali moja kati ya mengi anayopaswa kujiuliza mkaguzi: umetoka wapi, unafanya nini tusipotazama, nani atautengeneza ukiharibika, na je, tutaweza kuuondoa siku tukitaka?

Wenye hoja hiyo wana kimbilio la mwisho: kwamba mashine itakagua pia. Itasaidia, bila shaka. Tayari kuna vifaa vya uchambuzi vinavyokamata makosa ambayo jicho huyaruka. Ila uamuzi wa kuingiza kitu kwenye mfumo ambao watu wataukabidhi picha zao, barua zao na nywila zao ni uamuzi wa mtu atakayewajibika. Mashine mbili zikikubaliana, kukosea bado kunakuwa kwa mtu fulani, na lazima tujue ni nani.

Ikiwa hoja yangu ni sahihi, basi maana yake kwa mtu mmojammoja iko wazi. Anayehama kutoka Windows 10 na kukuta mashine yake hairudi kutoka usingizini baada ya sasisho anayo nafasi ya kufanya kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya msimbo, ina amri ya bisect: unaitajia toleo lililofanya kazi na lile lililoharibika, nayo inagawanya mabadiliko yaliyo katikati nusu kwa nusu, ikikuomba ujaribu kila mara. Mabadiliko elfu moja yanahitaji majaribio kama kumi tu. Ni kazi ya kuchosha, ya kuwasha na kuzima mashine, na haihitaji kujua lugha yoyote ya programu zaidi ya maelekezo ya kujenga kerneli. Ripoti inayosema "kompyuta yangu hailali" itakaa kwenye orodha miaka. Ripoti inayotaja badiliko lenyewe, na aina kamili ya mashine, mara nyingi hugeuka kuwa marekebisho, kwa sababu imemfikisha mtunzaji pale ambapo ujuzi wake unaanza kuwa na maana.

Ipo pia kazi ya kuchambua orodha ya hitilafu. KDE walionyesha thamani yake mwaka 2022 walipoanzisha juhudi za kushughulikia hitilafu ambazo mtumiaji hukutana nazo ndani ya dakika 15 za mwanzo. Kilichobadilika kwanza hakikuwa msimbo. Watu walikaa wakachagua kipi kina uzito, wakaziunganisha ripoti zinazojirudia na kuzifunga zilizokwisha kupitwa na wakati. Tafsiri nazo zina foleni yake ya ukaguzi, na nyaraka vilevile: anayeusoma mwongozo wa kujenga mfumo na kuusahihisha pale alipokwama amewaokoa wanaomfuata, na amewaokoa watunzaji kujibu swali hilohilo kila wiki.

Kwa miradi yenyewe, nadhani kuna mambo yanayoumiza kidogo ambayo lazima yafanywe. Karibu kila ukurasa wa takwimu za mradi huhesabu viraka vilivyoingizwa na nani aliviandika. Aliyekagua viraka mia hana mahali anapoonekana. Ahesabiwe, na atajwe kwenye maelezo ya kila toleo. Mradi uweke hadharani kiraka cha kawaida husubiri muda gani, hata kama jibu linaaibisha, ili mgeni ajue anaingia wapi na mfadhili aone penye kidonda. Sehemu ambazo hazina mtunzaji ziandikwe kuwa hazina, badala ya kuacha jina la mtu aliyeondoka zamani. Na "hapana" isemwe mapema. Kiraka kinachokataliwa ndani ya wiki moja kwa maneno mawili ya heshima humuumiza mtu kidogo kuliko kile kinachoachwa kimya mwaka mzima kisha kikafungwa na roboti.

Usasishaji wa usalama ambao Microsoft imeuongeza kwa watumiaji binafsi wa Windows 10 unaisha tarehe 13 Oktoba 2026. Waliochelewesha uamuzi wao kwa mwaka mmoja watafika wakati huo, na pengine watakuwa wengi kuliko wa mwanzo, kwa kuwa ni watu wasiopenda kubadili mifumo na hawatakuwa na njia nyingine. Miradi itakayokuwa imegeuza hata sehemu ndogo ya wageni wa 2025 kuwa wajaribu na wakaguzi itawapokea ikiwa na watu wa kusoma ripoti zao. Miradi mingine itawapokea na foleni iliyopo sasa.